Vitabu vya Masika, Vitabu vya Desemba

Tanga tunachagua kitabu kwanza, halafu kila mtu anajijua atakisoma lini. Marangu wanaanza na lini.

Kundi la wasomaji lililonialika huko ni la watu wa mlimani wa kila aina: walimu, baadhi yao wastaafu, wauguzi, fundi cherehani, wakulima wenye vihamba vya kahawa na migomba. Walikuwa wanapanga shindano lao la kusoma la mwaka, msimu kwa msimu. Kila mmoja anajisomea vyake na kuviandika kwenye daftari la kundi, lakini kila msimu una kitabu kimoja cha pamoja ambacho wote wanakisoma na kukijadili Jumapili baada ya ibada. Mimi nilibeba orodha niliyoiandaa kwa mapenzi, imepangwa kwa waandishi: Shaaban Robert, Kezilahabi, Adam Shafi, Penina Muhando, Said Ahmed Mohamed. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliipitia taratibu kisha akavua miwani.

"Mgeni wetu, vitabu hivi vyote ni vizuri. Sasa tuambie kipi ni cha mwezi wa saba. Mwezi wa saba sisi tuko kwenye kahawa."

Moshi mjini

Kabla ya kupanda Marangu nilitaka kujua vitabu vinapatikana wapi, maana kitabu cha pamoja chenye nakala moja kina msomaji mmoja na wasikilizaji wengi. Moshi mjini kuna joto, jambo linalomshangaza anayeujua mji huu kwa picha za Kibo tu. Nilizunguka kutoka mnara wa saa hadi Soko Kuu, nikiingia steshenari moja baada ya nyingine. Fasihi niliyoikuta rafuni ilikuwa ile ya mtihani: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, Ngoswe, Orodha, Wasakatonge. Nikiulizia riwaya ambayo haimo kwenye mtaala, jibu lilikuwa niagize Dar es Salaam.

Wapo wasomaji wanaovikunjia uso vitabu vya mtihani. Marangu hawavikunjii, nami nakubaliana nao kabisa. Kitabu kilichofundishwa kidato cha tatu na cha nne kwa miaka mingi tayari kimo majumbani, kabatini au kwenye sanduku la kijana aliyekwisha kuhama. Ukigonga milango ya majirani unapata nakala za kundi zima bila kutoa shilingi, na bila kumdhulumu mwandishi kwa kutoa kopi kwenye mashine. Tena ni vitabu ambavyo mara ya kwanza havikusomwa kwa haki. Vilikatwakatwa kuwa dhamira, wahusika na tamathali za usemi, vikajibiwa kwa hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Mama wa miaka hamsini anayemfuata Sekai wa Takadini akikimbia na kichanga chake mwenye ualbino ili asiuawe anasoma kitu ambacho binti yake, aliyekisoma kwa ajili ya alama, hakukiona. Kenya ni vivyo hivyo. Chozi la Heri cha Assumpta Matei na Kigogo cha Pauline Kea viliingia nyumba nyingi kupitia begi la mwanafunzi, na vimebaki humo vikisubiri watu wazima.

Nairobi ndiko nilikoona shindano la kusoma lenye hamasa kubwa kuliko yote. Kenyan Readathon, lililoanza 2020, huwaita watu wasome waandishi wa Kenya mwezi mzima wa Septemba. Waandalizi wametaja mwezi, watu wameufuata, na kwa mji uliojaa watu wa kila kaunti ni busara, kwa kuwa hakuna mvua moja wala mavuno mamoja yanayowapata wote. Dar es Salaam nako, katika mkahawa wa vitabu wa Soma kule Mikocheni, nimekaa kwenye mijadala iliyonijenga sana. Huko jambo la kwanza ni kama mwandishi mwenyewe anaweza kuja, na mara nyingi anaweza. Marangu hawana mwandishi wa kumwita Jumapili ijayo, ila wana mvua moja na mavuno mamoja.

Masika

Daladala linatoka Moshi hadi Himo, halafu linakata kushoto na kuanza kupanda. Mahindi ya tambarare yanakwisha, migomba inaanza, na kabla hujafika Marangu Mtoni umeshafunga dirisha. Masika, Machi hadi Mei, huku juu hayana mchezo. Mwezi wa tatu watu wanateremka kupanda mahindi na maharage kwenye mashamba ya chini. Yakishaota na kupaliliwa, mvua inawarudisha ndani. Aprili na Mei njia ni utelezi na jioni ni ndefu. Hiyo ndiyo nafasi ya riwaya nene, ya mtu kusoma peke yake karibu na moto, na nafasi hiyo wameipa Peponi. Hakuna aliyepinga.

Peponi ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994. Mkuki na Nyota waliitoa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Kwangu ilikuwa kwenye orodha kwa sababu ya Nobel na kwa sababu pwani yake ni pwani yangu. Kwao sababu ni nyingine. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaachwa kwa muda kwa mfanyabiashara Hamid katika mji ulio chini ya mlima mkubwa. Muuguzi mmoja aliyekwisha kuisoma aliwaambia wenzake hivyo tu, na kitabu kikawa kimechaguliwa.

Hapo nilielewa kwamba nitakisoma kitabu hicho nikiwa nimeketi upande wa pili wa meza. Karne ya 19 misafara ya biashara iliondoka Pangani, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu, ikafuata bonde la mto hadi huku, kwa wamangi kama Rindi wa Moshi, aliyefahamika pwani kwa jina la Mandara. Kwetu habari za misafara husimuliwa kama habari za safari: nani alikwenda, alirudi na nini, alijenga nyumba gani. Bibi mmoja wa kundi, mwenye shuka begani, aliniuliza kwa sauti ya upole kabisa.

"Mwanangu, ninyi wa pwani mlikuwa mnakuja kununua nini?"

"Pembe za ndovu, bibi," nilimjibu. "Na watu."

"Basi kitabu hicho tukisome nawe ukiwepo."

Naamini huo ni ushauri bora kuliko wote niliowahi kuupata juu ya kuchagua kitabu cha pamoja: mtafute msomaji ambaye kitabu kinamkuta mahali tofauti na wewe, kisha msome naye. Peponi inaishia Wajerumani wakiwa wameshaingia, na Marangu wanakijua kipindi hicho kwa majina. Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na hadi leo ukoo wake unadai kichwa chake kilichosemekana kupelekwa Ujerumani. Mwenyekiti amependekeza mjadala wa mwisho wa masika ufanyikie Old Moshi kwenyewe. Mimi nimeahidi kupanda tena.

Baridi na kahawa

Juni ni mwezi wa mawingu na baridi, kahawa bado haijaiva vya kutosha kuwamaliza watu. Ubishi mkubwa wa ziara yangu ulikuwa juu ya Juni. Nilitetea Rosa Mistika ya Kezilahabi kwa nguvu zangu zote. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, na mpaka leo sijui riwaya ya Kiswahili inayomkabili baba mlevi na mkali bila kupepesa macho kama ile. Zakaria wa Ukerewe anayelinda heshima ya binti yake kwa kipigo, huku yeye mwenyewe akishinda kwenye pombe, anafahamika pia mahali ambapo mbege hunywewa kwenye kila sherehe. Mama mmoja, mzee wa kanisa, alikataa. Hakusema kitabu ni kibaya. Alisema haiwezekani kurasa zile zikasomwa kwa sauti Jumapili, wajukuu wakiwa wamekaa mkekani.

Alikuwa na hoja, na tulikaa nayo muda mrefu. Kundi la Tanga hukutana usiku baada ya Isha, barazani, watu wazima watupu, kwa hiyo swali hilo kwetu halijawahi kuzuka. Unguja nimewasikia wasomaji wa Adam Shafi wakisoma kwa sauti na kubishania mitaa, hii nyumba ya nani, ile njia inatokea wapi, na watoto wakipita katikati. Marangu wakakubaliana kwamba Rosa Mistika kisomwe kimya, nyumbani, Juni, na mjadala uwe wa watu wazima, wanaume na wanawake pamoja. Mama yule aliliafiki hilo na akachukua nakala ya kwanza. Nilifurahi kupita kiasi, maana wanaume wa kundi lile ni wengi na kitabu hicho kinawahusu wao kwanza.

Halafu Julai, kahawa. Matunda mekundu yakichumwa yanakobolewa siku hiyohiyo, yanachachushwa, yanaoshwa, yanaanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa, na mvua ikitishia kila mtu anakimbia kufunika. Kazi inaendelea kwa awamu hadi karibu na mwisho wa mwaka. Msimu huu anayesema atasoma riwaya usiku atalala ukurasa wa tatu. Kitabu cha pamoja ni tamthilia: Ngoswe ya Edwin Semzaba, fupi, nakala tele, wahusika wanagawiwa palepale. Asiyepata nafasi ya kusoma nyumbani haachwi nyuma, maana anakisikia. Karani wa sensa anayepotezwa na penzi, na karatasi za serikali zikiteketea, ni habari inayoeleweka haraka kwa watu waliohesabiwa Agosti 2022, na mmoja wa kundi alikuwa karani katika sensa hiyo. Yeye ndiye Ngoswe, hilo liliamuliwa kabla hajaulizwa. Mzee mmoja akakumbuka Komkya, gazeti la Baraza la Wachagga la miaka ya 1950, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Kwake tamthilia ni kurudi kwenye usomaji alioukuta.

Desemba

Desemba mlima unajaa. Watu wanarudi kutoka Dar, Arusha, Mwanza na Nairobi, kwa mabasi, kwa magari yao, na tangu Desemba 2019 hata kwa treni, iliyorejea baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Tanga tuna Idi, lakini wageni wetu wa Idi wanakula pilau na kesho yake wanaaga. Krismasi ya Kilimanjaro ni majuma mazima ya ndugu chini ya mgomba mmoja, mtori na machalari jikoni, mambo ya ukoo yakizungumzwa.

Kwa Desemba nilipendekeza Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotoka 1968, habari za mtu anayeacha kazi nzuri ya mjini na kwenda kulima kijijini. Niliona inawafaa wanaorudi. Wenyeji walitaka Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu, kilichoandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa 1947, kisha kikatolewa tena na Mkuki na Nyota 2002. Kinaeleza mila tangu mtoto kuzaliwa hadi mtu kufa na baada ya hapo. Fundi cherehani, kijana kuliko wote, ndiye aliyesema neno lililomaliza ubishi: wazee wanaoweza kukisahihisha kitabu hiki wapo hai sasa, na wajukuu wanaopaswa kukisikia wapo nyumbani Desemba tu. Kitasomwa sehemu fupi fupi, kila kikao sura inayojitegemea, ili mgeni wa siku tatu asikute hadithi katikati. Wazee wataruhusiwa kumkatiza msomaji. Utubora amepewa Oktoba na Novemba, kwenye vuli, wakati wa kupanda.

Ningetaka kwenye mwaka wao aongezwe mwanamke wa mlimani. Elieshi Lema ni mzaliwa wa Kilimanjaro, na Parched Earth yake ya 2001 imeandikwa kwa Kiingereza, hivyo baadhi ya wanakundi wangeachwa nje. Nimewaandikia waanze na Safari ya Prospa, kitabu chake cha Kiswahili kwa watoto, kisomwe na wajukuu wenyewe kwa sauti, siku ambayo wakubwa wako sokoni Mwika.

Januari na Februari ndiyo iliyobaki wazi. Shule zinafunguliwa, fedha yote ni ada na sare, na hakuna atakayeagiza kitabu Dar. Kundi letu la Tanga lina nakala za Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, tulizozinunua baada ya kuona filamu ya Amil Shivji ya 2021. Tumekubaliana sisi tumalize kuzisoma kabla ya Mwaka Mpya. Juma la kwanza la Januari zitapanda basi la Moshi, zimefungwa kwenye mfuko wa sandarusi kwa ajili ya mvua, na kondakta atazishusha Himo. Mwenyekiti ameomba tuache maoni yetu ya penseli pembeni ya kurasa, tusiyafute.