Kaseti ya Basi la Alfajiri

Kijana ninayefanya naye kazi ya kuhariri video aliingia ofisini na hasira siku hiyo. Mteja alitumiwa kiungo cha kuitazama kazi yetu kwenye Frame.io tangu jana yake jioni, na hadi saa tano asubuhi alikuwa hajakigusa. Mambo ya siku hizi hayana siri. Mfumo wenyewe unakuonyesha nani kaiangalia kazi yako na nani kaipuuza. "Mkuu, hawa watu hawatuheshimu," akalalamika. Halafu akageuza kiti. "Kwani ninyi enzi zenu mlikuwa mnatuma na nini? WeTransfer?"

"Tulikuwa tunatuma na Basi."

Akachukua simu akaanza kuitafuta. Alidhani ni jina la programu.

Sasa nimweleze, yeye na wenzake. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja Kariakoo, juu ya duka la vitenge, na wateja wetu wakubwa walikuwa Arusha na Moshi: miradi ya maji, vyama vya ushirika, makampuni ya kupeleka wageni mbugani. Filamu ilihaririwa Dar, mwenye pesa alikuwa zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, na kati yetu hapakuwa na njia nyingine ila barabara. Stakabadhi kongwe niliyonayo ya kutuma kaseti ni ya Septemba 2003, au labda 2005, maana wino umefifia. Nilipekua maboksi nikitafuta ya nyuma yake, nikaishia kupata vumbi na waya za deki. Haidhuru. Ilikuwa miaka hiyo.

Kazi ilianza usiku. Picha zilikuwa kwenye kompyuta, zimeingizwa kutoka kwenye vikaseti vya MiniDV, lakini mteja alikuwa na deki ya VHS na televisheni tu, kwa kawaida kwenye chumba cha mikutano, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Lazima filamu itolewe kwenye kompyuta iingizwe kwenye kaseti, na njia ya mkato haikuwepo: filamu ya dakika 20 inarekodiwa kwa dakika 20, na mtu anakaa hapo anaitazama, maana umeme ukiyumba dakika ya 18 unaanza upya. Kabla ya kurekodi unafungua deki na kusafisha hedi kwa spiriti na kitambaa laini. Harufu ile ya spiriti ikichanganyika na vumbi lililopata joto ndani ya mashine, pamoja na plastiki ya kaseti mpya inayovuliwa nailoni yake, ndiyo harufu ya kazi kwangu mpaka leo. Kompyuta za sasa hazinuki chochote.

Ikimalizika, unachukua bisibisi na kuvunja kile kipande kidogo cha plastiki kilichoko mgongoni mwa kaseti. Kikishavunjwa, deki inakataa kurekodi juu yake. Tulijifunza umuhimu wake baada ya mteja mmoja kwenda kuiangalia kazi nyumbani kwake. Kaseti ilirudi ikiwa na dakika nne za kisima; zilizobaki zote zilikuwa mpira.

Saa kumi na moja alfajiri unakuwa Ubungo. Moshi wa dizeli, chai ya tangawizi, wapiga debe wanaokuvuta begi huku na huku, na katikati ya vurugu hiyo kaunta moja yenye utulivu. Kaunta ya vifurushi ya basi tulilolitumia ilikuwa ya mama mmoja ambaye stendi nzima ilimwita Shangazi. Jina lake la kuzaliwa sikuwahi kulisikia. Kanga moja kiunoni, nyingine mabegani kujikinga na baridi ya alfajiri, miwani imefungwa kamba ya kiatu, na mbele yake kauntabuku lenye kona zilizochakaa. Akipokea kifurushi anakipima kwa mkono, anakitikisa karibu na sikio, anauliza kina nini, ndipo anaandika: jina la mpokeaji, namba ya simu, namba ya basi. Kwa kalamu nyekundu, daima.

Kaseti zangu hakuziweka kwenye buti pamoja na magunia. Alimkabidhi kondakta mkononi, na kondakta aliziweka kwenye rafu juu ya viti, mbali na injini na mbali na spika. Niliwahi kumwambia mara moja tu kwamba joto na sumaku vinaharibu kaseti. Hakusahau, na aliwafokea makondakta wapya kana kwamba filamu ni yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kutoa pesa ya soda.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hii ya ngapi?"

"Ya tatu."

Anafungua daftari, anarudi nyuma kurasa kadhaa, kidole kinashuka na mstari. "Ya nne. Ya kwanza ilikwenda Jumatatu ile ya mvua. Hao watu wa maji hawajaridhika tu?"

"Wanataka mwenyekiti aonekane zaidi."

"Kwani kwenye picha hayupo?"

"Yupo, amesimama nyuma."

"Basi mlete mbele, yaishe."

Leo programu inayapanga matoleo yenyewe, jipya juu ya la zamani, na kijana wangu anaona ni uvumbuzi mkubwa. Sibishani naye. Lakini nimewahi kupangiwa matoleo na mama mwenye kalamu nyekundu, ambaye zaidi ya hesabu alikuwa na maoni. Na taarifa za njiani tulizipata pia. Basi likiharibika, Shangazi alikuwa akipiga simu kabla mteja hajaanza kulalamika: "Mwanangu, mzigo wako umelala Korogwe." Hapo unajua uwaambie nini watu wa Arusha.

Basi likienda salama, linafika jioni. Mpokeaji anakwenda stendi na kitambulisho, kesho yake ofisi nzima inajifungia chumba cha mikutano, na keshokutwa simu ya mezani inalia kwetu Kariakoo.

Na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Deki nyingi za wateja wetu zilikuwa na kihesabio cha namba nne ambacho hakikuhesabu dakika. Kilihesabu mizunguko ya gurudumu la kaseti, tena kuanzia popote ulipobonyeza sifuri. Kwa hiyo 1140 ya Arusha haikuwa 1140 ya Kariakoo. Mtu anakwambia kwa sauti ya uhakika kabisa, "Pale 1140 mwondoeni yule mbuzi," nawe unabaki kumtafuta mbuzi filamu nzima. Filamu ya kisima ina mbuzi wengi. Mwishowe tukawa tunaweka muda juu ya picha yenyewe, kama watu wa televisheni walivyokuwa wakifanya kabla yetu: saa, dakika, sekunde na fremu, fremu 25 kwa kila sekunde, tarakimu zikikimbia chini ya uso wa mwenyekiti. Kwa mteja aliyezoea kubabaisha, mambo yakanyooka. Tukaanza kupokea faksi iliyopangwa vizuri, kila mstari na muda wake na sahihisho lake, na chini kabisa sahihi ya mkurugenzi na muhuri.

Muhuri ule ndio ninaoulilia. Kila duru ya masahihisho ilikuwa na gharama yake: kaseti mpya, pesa ya kifurushi, siku kadhaa za kusubiri. Hakuna aliyetaka kurudia kwa neno moja lililosahaulika. Kwa hiyo waligombana hukohuko kwao. Mhasibu alitaka filamu iwe fupi, afisa mradi alitaka kila kijiji kitajwe, mwenyekiti alitaka kuletwa mbele. Wanavutana mpaka chai inapoa, mkurugenzi anakata shauri, muhuri unagongwa. Ugomvi haukunifikia. Kilichonifikia ni uamuzi.

Kijana akaniuliza kwa nini hatukutumia intaneti, na mikahawa ya intaneti ilikuwepo. Tukapiga hesabu pamoja. MiniDV inakula karibu gigabaiti 13 kwa saa moja ya picha, kwa hiyo filamu ya dakika 20 ni zaidi ya gigabaiti 4. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata laini isingekatika na kasi isingeshuka, faili lingesafiri zaidi ya siku saba usiku na mchana. Basi lilifika siku hiyohiyo, na kupumzika kula Korogwe au Mombo likapumzika. Tungeweza kulibana faili, bila shaka, hadi mwenyekiti asijitambue.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio, nami nitaipitia mbio vilevile. Zilikuja DVD, ambazo zilikubali kucheza kwetu na kugoma kwa mteja. Mwaka 2009 mkongo wa baharini ukafika, na mwaka huohuo Waholanzi wakaanzisha WeTransfer, gigabaiti 2 bila malipo. Tukapakia YouTube kwa viungo vya siri, tukatumia Dropbox, tukagawa flashi. WhatsApp ilipoingia kila simu, wateja wakataka kazi iletwe humo, na kwa kuwa inaibana video, wakatuambia picha zetu hazina ubora, mpaka tulipojua kuituma kama waraka na si kama video. Vifurushi vya Shangazi vikapungua, kisha vikaisha. Mabasi ya mikoani yalipohamia Mbezi mwaka 2021, nilikuwa sijakanyaga kaunta ile kwa miaka mingi, na hapakuwa na faksi ya kuaga.

Frame.io yenyewe ilianzishwa New York mwaka 2014 na Emery Wells na John Traver. Wells alikuwa na studio ya kumalizia filamu, na inaonekana naye alikuwa na mbuzi wake wa kutafuta. Mwaka 2021 Adobe iliinunua kwa dola bilioni 1.275. Nilipoisoma bei hiyo nilikumbuka kihesabio cha namba nne, nikaona kumbe taabu ile ilikuwa mali.

Niwe mkweli: chombo ni kizuri. Mteja anasimamisha picha, anaandika, na maneno yake yanakaa kwenye fremu hiyohiyo, si ya mbele wala ya nyuma yake. Anaweza hata kumchorea mbuzi duara. Yuko Nairobi, Muscat au kwenye foleni ya Morogoro Road, kazi inamfikia baada ya dakika chache. Anayetaka kurudi kwenye kusafisha hedi usiku wa manane aende peke yake.

Kinachonikera ni kwamba neno limekuwa bure. Kiungo kimoja kinatumwa kwenye kundi la ofisi, kutoka hapo kinakwenda kwa shemeji wa mtu aliyesomea uandishi wa habari, na kila anayekifungua anajiona ana deni la kusema kitu. Wiki iliyopita, kwenye sekunde moja ileile, afisa habari aliandika muziki uongezwe, mhasibu akaandika muziki unakera upunguzwe, na mtu asiyejitaja akaweka alama ya moto. Kitufe cha kuidhinisha kipo wazi, kila mmoja anangoja mwenzake akibonyeze. Mkurugenzi, mwenye kauli ya mwisho, haingii humo kabisa. Anatuma sauti ya WhatsApp akiwa anaendesha gari, dakika nne, nusu yake honi: "Pale mwanzoni mwanzoni, si unapajua, pafanyeni paamke kidogo." Na kijana wangu anajibu mmoja mmoja, kwa adabu, hadi usiku. Ugomvi uliokuwa ukiishia kwenye chumba cha mikutano cha Arusha sasa unapiganiwa juu ya kazi yetu, na msuluhishi ni kijana ambaye hajui nani ni bosi wa nani.

Yeye haoni tatizo. "Huo ndio uwazi, Mkuu. Kila mtu anasikika."

"Kusikika si kuamua," nikamwambia. Akarudi kujibu maoni.

Tumeandika mkataba mpya, baada ya kubishana sana. Kiungo kifunguliwe na yeyote, lakini tutafanyia kazi maoni ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, duru mbili. Ya tatu inalipiwa. Bei yake niliipanga mimi: ni nauli ya basi, Dar hadi Arusha, kwenda na kurudi, na mteja hana haja ya kujua ilikotoka. Kijana alisema tutakimbiwa. Mteja wa kwanza alikisoma kifungu hicho, akarudia kukisoma, akauliza kama maoni ya mke wake nayo yatahesabiwa. Tukamjibu yatahesabiwa. Akatoa kalamu, akaliandika jina la mke wake kwenye nafasi ya mtoa maoni, akasaini.