Kidole Gumba Mlangoni

Silinda ya kwanza niliyoiharibu bado iko kwenye rafu ya karakana yangu hapa Tenke. Ni ya Yamaha AG100, pikipiki ya mipigo miwili iliyowabeba mapadri na wauguzi wa vijijini kabla Boxer na TVS hazijajaa barabarani. Mwenyewe alikuwa kijana wa kubeba makala, yaani mkaa. Aliniambia, "Papa, unipanulie ule mlango, ipande mlima na magunia matatu."

Mlango wenyewe ni tundu la kuingizia, ambamo hewa na esansi (petroli) hupita kutoka kwenye kabureta. Nilishika tupa, nikala chuma pande zote mpaka kidole gumba kikaingia bila kugusa. Nikajisifu. Ikiwa tupu, pikipiki ilinguruma vizuri. Mlimani, na mzigo mgongoni, ikakata pumzi.

Sababu niliielewa baadaye. Hewa ileile ikipewa njia pana hupita polepole, na mbio za hewa ndizo zinazobeba esansi injini ikizunguka taratibu. Mlango mpana humfaa mwenye mashindano, anayeikimbiza injini mpaka juu kabisa. Mbeba makala hafiki huko. Tena kingo nilizoziacha kali zilikwaruza sketi ya pistoni. Silinda nyingine niliinunua kwa pesa yangu.

Siku hizi tupa huja mwisho. Naanza na klape, zile ndimi nyembamba zinazoiruhusu hewa kuingia na kuizuia kurudi. Naziinua juani. Mwanga ukipenya, injini inatema esansi nyuma kwenye kabureta, na mara nyingi ugonjwa wote uko hapo. Klape zikiwa nzima, napaka wino usoni mwa silinda, naweka gasketi, nachora kwa msumari. Chuma kinachojitokeza ndani ya mstari ndicho naondoa, basi: tupa ya mviringo, kisha msasa uliozungushwa kwenye kijiti. Sing'arishi kama kioo, maana ukuta laini mno huacha esansi ishikamane nao na kutiririka matone. Ukingo unaokutana na pistoni nauvunja makali.

Halafu naosha: esansi, maji moto na sabuni, na mafuta papo hapo kabla kutu haijaamka. Chembe za msasa zikibaki ndani, zitazila beringi za kuranki.

Uwanda wetu nao una neno lake. Kolwezi, mji wa uwanda huuhuu, iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huku imepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya pwani. Kwa hiyo kitundu cha kabureta kinachopimia esansi, kikitosha hapa, hakitatosha pikipiki ikishuka Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako hewa ni nzito. Nasoma plagi: ikiwa ya kahawia, niko salama; ikiwa nyeupe, esansi ni kidogo na pistoni iko hatarini kuyeyuka. Anayesafiri namwambia asishuke kabla sijabadilisha.

Vijana bado wanakuja na ombi lilelile. Sibishani nao. Nashusha silinda ya rafuni, nawaambia watie kidole gumba mlangoni. Kinaingia vizuri sana. Kisha nawauliza wanabeba magunia mangapi.