Namba ya Tarakimu Kumi

Nilipokuwa darasa la saba, Pangani, mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mchoyo wa chaki. Siku hiyo kipande chake cha mwisho alikimalizia kwenye namba moja: 4294967297. Akauliza, tasa au si tasa?

Tulishamaliza KDS na KKS, tukijiona mafundi. Kwa 2 haigawanyiki, ni witiri. Kwa 3, jumla ya tarakimu ni 59, inabaki 2. Kwa 5, inabaki 2. Kwa 17, ikabaki 2 tena. Mmoja akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, hii ina jini."

Alicheka, kisha akatueleza habari za Fermat, mwanasheria wa Kifaransa wa karne ya 17. Chukua 2 kwa kipeo cha 1, cha 2, cha 4, cha 8, cha 16, uongeze 1 kila mara: utapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa. Kipeo cha 32 ndicho kinachotoa ile ya ubaoni, na Fermat aliamini nayo ni tasa. Kuigawa kwa yoyote kati ya zile tano kutakuachia 2 daima. Jini letu halikuwa na zaidi ya hilo.

Kwa njia ya kawaida ungejaribu namba tasa zote hadi 65,536, nazo ni 6,542. Madaftari yetu, yale yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, yasingetosha. Hapo ndipo Mwalimu alipomleta Euler, Mswisi aliyekuwa St. Petersburg, ambaye mwaka 1732 alionyesha kwamba Fermat alikosea. Kigawo chake hakukitaja. Alitupa kanuni tu, ambayo Euler aliithibitisha baadaye: kila kigawo tasa cha namba hii ni kigawe cha 64 ukiongeza 1.

Mpaka leo sijaona kanuni inayookoa jasho kiasi hicho. Ukianza na 65, 129, 193 na kuendelea, ukatupa zisizo tasa, wanabaki watuhumiwa wachache. 193, ikabaki 109. 257, ile 2 yetu. 449, ikabaki 325. 577, ikabaki 288. Ya tano ni 641, na aliyeifikia kwanza, msichana wa ng'ambo ya Bweni aliyekuwa akija kwa kivuko, aliirudia hesabu nzima kabla hajanyoosha kidole. Haikubaki kitu. Jibu lilikuwa 6700417.

Wengine walifunga madaftari. Yeye akauliza, "Na hii je, Mwalimu?"

Swali zuri kuliko la Mwalimu mwenyewe. Vigawo vya 6700417 ni vigawo vya ile kubwa pia, kwa hiyo kanuni ni ileile, na nne za mwanzo zilishakataa. Hadi kipeuo chake cha pili, 2,588 na ushei, zimebaki saba tu: 641 yenyewe, 769, 1153, 1217, 1409, 1601, 2113. Tuligawana, kila dawati namba yake. Dawati langu lilipata 2113. Ikabaki 94, na madawati mengine nayo yalikuwa na masalio. Tasa.