Jina Lililotoka Gazetini

Marehemu baba alifanya kazi maisha yake yote kwa jina alilopachikwa na karani. Siku ya kuandikishwa, karani alisikia vibaya, akaandika alichosikia, na baba, kijana mgeni wa ofisi, akaona haya kumsahihisha. Nyumbani aliitwa kwa jina la babu yake. Kwenye hati ya mshahara alikuwa mtu mwingine.

Humkumbuka kila nisomapo habari za Nigeria. Tarehe 8 Januari 1897, gazeti la The Times la London lilichapa makala ya Flora Shaw. Alipendekeza maeneo ya Kampuni ya Kifalme ya Niger, ambayo jina lao hilo lilikuwa refu mno, yaitwe Nigeria. Mwezi uliofuata majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji wa Benin, ulio ndani ya Nigeria ya leo, yakabeba maelfu ya kazi za shaba na pembe, na mfalme wake, Oba Ovonramwen, akaishia uhamishoni Calabar. Mwaka 1914 gavana Mwingereza Lugard, aliyemwoa Flora mwaka 1902, aliunganisha kaskazini na kusini chini ya jina lile lile.

Kinachoniuma ni jina kuja kana kwamba pale hapakuwa na wenyewe. Wenyewe walikuwepo. Oyo, kwa Wayoruba, alitawala mfalme aitwaye Alaafin, na pembeni yake wazee saba wa baraza la Oyo Mesi. Mfalme akizidi kudhulumu, waliweza kumpelekea kibuyu kitupu, au mayai ya kasuku. Huwa najaribu kuiona saa ile: kibuyu kimewekwa mbele yake, kinafunuliwa, ndani hamna kitu. Hakuna aliyepaza sauti. Mfalme alijua kwamba amekataliwa na inampasa kufa. Watu waliojua kumwajibisha mkubwa wao namna hiyo hawakuwa wakingoja kufundishwa utawala.

Waigbo wengi hawakuwa na mfalme kabisa, mambo yao yaliamuliwa vikaoni. Lakini mwaka 1938, kule Igbo-Ukwu, mtu aliyekuwa akichimba shimo la maji uani kwake alikutana na vyombo vya shaba. Baadaye wataalamu walichimbua shanga zaidi ya 165,000, mali ya karne ya 9 hivi. Na Sokoto alikuwepo Nana Asma'u, binti wa Usman dan Fodio, mwasisi wa dola ya Sokoto, akitunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa na kuwasomesha wanawake. Aliishi zama moja na mshairi wetu wa Kiswahili, Mwana Kupona. Alifariki mwaka 1864, kabla Flora Shaw hajaandika neno.

Baba hakulibadili jina la karani. Alistaafu nalo, akatusomesha nalo, likawa letu. Wanigeria nao walipopata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960 walibaki na lao, wakalijaza maisha yao wenyewe. Lakini siku ya kumzika baba, shangazi alimlilia kwa jina la nyumbani, na sisi watoto tukajua tulikuwa tumemfahamu nusu.

Ukikutana na Mnigeria, muulize kwao wanauitaje mto Niger, ule ulioipa nchi yao jina. Mhausa atakwambia Kwara, Myoruba atakwambia Oya.