Safari Yetu ya Rabai, na Deni la Cherehani

Sisi tu wazee wawili, mume na mke, wakaao Temeke, katika mji wa Dar es Salaam. Mmoja wetu alikuwa na miaka 76, na mwenziwe miaka 72, tulipofunga safari mwezi wa Agosti mwaka 2024 kwenda Rabai, katika nchi ya Kenya, kumwamkia dada yetu katika Bwana. Watu wengi huandika habari za safari ili wenzao wajue uzuri wa nchi za mbali. Sisi twaandika kwa sababu nyingine, wala si ya kujisifia.

Kwanza imetupasa kurudi nyuma. Kwa mkataba wa mwaka 1967 nchi tatu, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, zilifanya Jumuiya moja ya Afrika ya Mashariki. Kazi zake ziligawanywa: makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, ya posta Kampala, na ya bandari Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo watumishi wa bandari kutoka Mombasa walihamia kwetu na jamaa zao. Mmoja alipanga nyumba iliyopakana na yetu, yeye na mkewe, wote wawili watu wa Rabai, Wakristo wa tangu babu zao. Tulisali nao kanisa moja, tukachota maji bomba moja, na watoto wetu wakala sahani moja. Yule mume tulimwita kaka, na mkewe tulimwita dada, na hatukuona tofauti kati yao na ndugu wa tumbo moja.

Dada alikuwa na cherehani, Singer cha kukanyaga kwa miguu, alichonunuliwa na mumewe alipojifungua mtoto wa kwanza. Alikipenda sana. Kanzu za kwaya yetu zilishonwa nacho, hata sanda za maskini wa mtaa zilishonwa nacho, wala hakudai senti moja.

Mwanzo wa mwaka 1977 Jumuiya ilikuwa ikivunjika, nao wakarudi kwao. Mizigo yao ilikuwa mingi kuliko nafasi ya basi. Palikuwa na kijana mmoja, yatima, aliyepata riziki yake kwa uhamali wa sokoni. Huyo ndiye aliyewabebea mizigo mpaka kituoni. Cherehani wakatuachia sisi. Dada akasema, "Nitunzieni. Pasaka nitakuja kukichukua." Siku chache baadaye, tarehe 4 Februari 1977, mpaka wa nchi zetu mbili ukafungwa, wala haukufunguliwa hata Novemba 1983.

Wenye umri wetu waikumbuka miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na nchi ilikuwa imechoka. Sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, na unga wa njano, ule tuliouita yanga, ndio uliotulisha. Mwaka 1982 mtoto wetu wa tatu aliugua, nasi hatukuwa na kitu mkononi. Tukauza kile cherehani. Siku ile tulijiambia ya kwamba tutanunua kingine kabla mpaka haujafunguliwa. Mtoto alipona, lakini cherehani hatukununua.

Mwaka 1984 ikaja barua, imeletwa kwa mkono na msafiri. Dada alitusalimu wote kwa majina, kisha akauliza kama cherehani chake kingali kizima. Tulikaa na barua ile siku tatu. Siku ya nne tukaandika ya kwamba wezi walivunja dirisha usiku wakakichukua. Mmoja wetu alitunga maneno, na mwenziwe alishika kalamu; kwa hiyo hakuna kati yetu awezaye kusema, "Si mimi."

Dada alijibu kwa upole, akatuhurumia kwa kuibiwa. Tangu hapo tuliandikiana kila Noeli. Kaka alifariki mwaka 2011, nasi hatukuweza kwenda kumzika. Simu za mkononi zilipoenea, tukafanya desturi ya kusali pamoja na dada kila Jumapili jioni, yeye Rabai na sisi Temeke.

Basi katika Kwaresima ya mwaka 2024 tulikuwa tukisoma habari ya Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Baada ya kusoma, dada akaomba. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wajukuu wetu, kisha akasema ya kwamba kwa miaka arobaini hajaacha kumwombea mwizi yule aliyechukua cherehani chake, Mungu amsamehe na kuwapa watoto wake chakula. Sisi tukaitika, "Amina." Simu ilipokatika hatukuweza kutazamana.

Usiku ule hatukulala. Karibu na alfajiri mmoja wetu akasema, "Sisi tumekuwa watu wa kuombewa bila kujua. Je, twende kaburini na mali ya mtu?" Mwenziwe akajibu, "Kwa simu hatusemi. Jambo hili ni la uso kwa uso." Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanza Gahini katika Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Afrika ya Mashariki yote, walifundisha ya kwamba kutubu bila kurudisha ni nusu ya toba. Tulikuwa tumelifundisha neno hilo wengine mara nyingi.

Tukaweka akiba. Mama aliuza vitumbua asubuhi, na baba aliuza kuku aliowafuga uani. Watoto wetu walishangaa, wakasema, "Paa lavuja, nanyi mwaenda kutembea?" Hatukuwaeleza. Hata Agosti tulikuwa na shilingi 400,000, bei ya cherehani kipya, mbali na nauli.

Tuliondoka na basi kabla ya jua kuchomoza, tukapita Chalinze na Segera, tukafika Tanga mchana, kisha Horohoro. Pale mpakani palipotutenga karibu miaka saba tulipita kwa muda mfupi, tukaonyesha hati zetu, tukabadili fedha, tukapata pungufu kidogo ya shilingi 20,000 za Kenya. Tukaingia Lunga Lunga, tukashuka Likoni jioni. Sisi watu wa Temeke, tuliozoea kulipa nauli ya kivuko cha Kigamboni, tulistaajabu kuona waendao kwa miguu wakivuka Likoni bure. Mjukuu wa dada alitupokea ng'ambo, akatuchukua kwa njia ya Mazeras mpaka Rabai, juu vilimani, kwenye minazi mingi.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Tulilia sote watatu. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki, ametandika mkeka mpya. Njiani tulikuwa tumeagana kwamba hatutakula kabla ya kusema. Lakini tulikula, na hatukusema. Tukajiambia ya kwamba tumechoka, na ya kwamba asubuhi ni bora. Twawaeleza jambo hili ili mjue ya kuwa kusafiri mwendo mrefu kwa ajili ya toba si sawa na kutubu.

Asubuhi alitupeleka kuona mambo ya kale ya kanisa. Rabai ni mahali ambapo Johann Ludwig Krapf na mwenziwe Johannes Rebmann walianza kituo chao mwaka 1846. Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, akakaa Rabai mpaka mwaka 1875, alipoondoka akiwa kipofu. Kanisa la kale sasa ni nyumba ya makumbusho. Huko tulisikia pia habari za kasisi William Jones, Mwafrika aliyekuwa ameokolewa utumwani na kulelewa Bara Hindi. Katika siku zake watumwa watoro walikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, na mabwana zao wakawadai kwa ghadhabu. Mwishoni ikakubaliwa wakombolewe kwa fedha, na mwezi wa Januari mwaka 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Dada akasema, "Hapa Rabai twajua maana ya kulipiwa." Alisema kama asemavyo kila mgeni afikapo. Lakini mama, yule mmoja wetu aliyeshika kalamu mwaka 1984, miguu ilimwisha nguvu, akaketi chini. Hapo ndipo tulipomwambia yote, chini ya mwembe, mchana kweupe: ya kuwa hapakuwa na mwizi wala dirisha lililovunjwa, ya kuwa tuliuza wenyewe na kusema uongo. Tukampa bahasha ya fedha.

Twakiri ya kwamba moyoni tulitazamia atairudisha bahasha, atukumbatie, aseme, "Ya kale yamepita." Hakufanya hivyo. Alizihesabu zile fedha noti kwa noti, akazifunga katika pindo la leso yake. Kisha akainuka, akaenda nyumbani mbele yetu, wala hakusema neno. Mchana kutwa alikaa jikoni. Tulifikiri kuondoka.

Jioni akatuita. Akasema, "Fedha nimezipokea, kwa kuwa deni hulipwa. Nanyi nimewasamehe, kwa kuwa nilikwisha kumsamehe mwizi, nami siwezi kumnyang'anya msamaha wake kwa sababu nimeliona jina lake. Lakini liko neno jingine." Akatukumbusha yule kijana yatima, hamali wa sokoni. Barua yetu ilipofika, yeye na mumewe waliulizana nani aliyejua ya kwamba cherehani kimo nyumbani mwetu. Wakamkumbuka yeye, kwa maana ndiye aliyebeba mizigo. Mwaka 1985 kijana yule alikuja Mombasa kutafuta kazi bandarini. Hakuwa na mtu ila wao. Alibisha mlango wao usiku wa mvua. Kaka akamtazama, akafunga mlango.

"Hatukumwambia sababu," akasema dada. "Mume wangu alikufa akiamini ya kwamba alimfungia mlango mwizi. Nami nilimwombea mwizi miaka arobaini, na katika sala zangu mwizi alikuwa na uso wa kijana yule. Ninyi mliniazima uongo, nami nikautumia."

Ndugu, kwa hayo hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumedhani ya kwamba uongo wetu umelala ndani ya barua moja, kumbe ulikuwa umetoka ukaenda kumngojea mtu mwingine mlangoni. Dada akaifungua leso, akagawa zile fedha mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu moja akalirudisha pindoni, la pili akatupa. "Hili ni lake. Mtafuteni. Kama amekufa, watafuteni watoto wake." Kisha tukasali watatu, na sala ile haikuwa ndefu.

Kesho yake, kabla ya kuondoka, alitupeleka kwenye kaburi la mumewe, akatuambia tuseme na pale. Tukasema.

Tuliporudi Temeke, watoto wetu tuliwakusanya kwanza, tukawaeleza yote, hata yule wa tatu, aliyepona kwa bei ya cherehani kile. Alisikiliza kimya, kisha akasema kwamba deni lile ni lake pia, na paa lililokuwa likivuja akalitengeneza yeye. Halafu tukaanza kuuliza. Sokoni Tandika wazee wawili walimkumbuka kijana yule. Mmoja akasema alihamia Mbagala. Tulikwenda Mbagala mara nne. Mara ya nne tukamkuta, mzee sasa kama sisi, akitengeneza baiskeli kando ya njia.

Tukamwamkia, tukaketi juu ya benchi lake, tukamwambia. Alisikiliza huku akiuzungusha mkononi mnyororo wa baiskeli. Tulipomaliza alikaa kitambo, kisha akasema, "Mimi miaka hii yote nilidhani walinifungia kwa sababu nilikuwa maskini."

Hakusema kwamba ametusamehe, nasi hatukumwomba aseme upesi. Alipokea fedha, akauliza kama dada yu hai. Tukampigia simu pale pale. Waliongea wao wawili, nasi tukasogea mbali, kwa kuwa maneno yale hayakuwa yetu. Tangu siku ile Jumapili jioni tu watu wanne katika sala. Siku nyingine haji, nasi hatumuulizi.

Basi, wapenzi wasomaji, twawasihi jambo moja. Jioni hii, watoto wakisha kulala, mume na mke mketi mkaulizane kama nyumbani mwenu kuna kitu cha mtu, au neno mlilosema juu ya kitu cha mtu. Nanyi walimu, mkifundisha habari ya Zakayo, msiishie kwenye mti aliopanda. Waulizeni watoto ni nani waliokuwa wakimngoja mlangoni siku ile alipoanza kurudisha. Na kama deni lenu li mbali, ng'ambo ya mpaka, msingoje mpaka muwe wazee. Sisi tulimkuta dada hai, na yule ndugu wa Mbagala hai. Kaka hatukumkuta.

Twawaaga kwa amani. Tuombeeni, nasi twawaombea.