Wusi: Mlima Uliopimwa kutoka Angani

Mtu atokaye Voi kwenda Taveta hupita katika nchi kavu yenye vichaka na udongo mwekundu. Akikaribia Mwatate huona mashamba ya mkonge, na juu yake milima iliyosimama peke yake katikati ya nyika, mfano wa kisiwa baharini. Hiyo ndiyo milima ya Taita, ambayo wenyewe huiita Dawida. Pale Mwatate njia hugawanyika. Moja hufuata nyika mpaka Taveta, na ya pili hugeuka kulia ikapanda kwa kuzungukazunguka kuelekea Wundanyi. Msafiri akishika njia hii ya pili, mara hewa hubadilika, jasho humkauka, na migomba huchukua mahali pa miiba. Katika sehemu hiyo ya mlima ndipo ilipo Wusi.

Wusi si mji mkubwa. Ni nyumba zilizotawanyika mitelemkoni, kila moja na shamba lake la mahindi, maharagwe na ndizi. Wamisionari wa Kianglikana walijenga kituo chao hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi Wusi pamoja na Kishamba ni wadi moja ya kaunti ya Taita Taveta. Mashamba yamekatwa matuta ili mvua isichukue udongo, kwa maana mtelemko ni mkali na ardhi ya kutosha haipo.

Jambo linalomfurahisha mgeni kuliko yote ni ule ukijani. Kila aelekezapo macho huona miti: mabondeni, vilimani, na mipakani mwa mashamba. Basi husema moyoni mwake, "Watu hawa wametunza misitu yao." Lakini wataalamu waliopima milima hii wamepata jawabu jingine, na jawabu hilo lawahusu watu wa mlimani na wa nyika pia.

MIAKA 49 KATIKA PICHA

Mwaka 1955 ndege ilipita juu ya milima ya Taita ikapiga picha za nchi. Picha zile ziliwekwa. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Ufini, wakiongozwa na Profesa Petri Pellikka, walizichukua wakazilinganisha na picha nyingine zilizopigwa kutoka angani mwaka 2004. Kazi hiyo yataka subira. Ni lazima kila picha inyoshwe hata ilingane na ramani, kwa sababu mlima huipotosha picha, kisha msitu mmoja mmoja huchorwa mpaka wake na kupimwa eneo lake.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalikuwa haya. Ukihesabu miti yote pamoja, eneo la misitu lilikuwa limepungua kwa asilimia 2 tu. Lakini ukihesabu msitu wa asili peke yake, nusu nzima ilikuwa imekwisha, yapata hekta 260. Mahali pake, na mahali pengine palipokuwa pa wazi, ilikuwa imepandwa miti ya kigeni: misonobari, mikaratusi, miwati na mingineyo.

Basi mgeni anayesimama Wusi na kusifu ukijani hakosi kabisa, kwani miti ipo. Miti hiyo ya kupandwa ina faida zake, maana hutoa mbao, kuni na nguzo, na hupunguza haja ya kuingia msituni na shoka. Ila haiwezi kufanya kazi yote ya msitu wa asili. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huleta unyevu, nao ukipanda mlimani hugeuka ukungu na mawingu. Msitu wa asili, wenye matawi mengi na mimea midogo iliyoshikamana na magome kama manyoya, huunasa ukungu huo ukawa matone, na udongo wake laini huyanywa maji na kuyatoa polepole kiangazi. Mto Voi huanzia katika milima hii. Kwa hiyo anayekata mti wa asili juu ya mlima humgusa pia mtu asiyemjua, aishiye mbali chini kwenye joto. Wazee wa kale walikuwa na misitu yao mitakatifu, iitwayo fighi, ambayo haikukatwa ovyo. Hawakuwa na ndege wala kamera, lakini misitu hiyo ilisalia.

NURU IPIMAYO MITI

Wataalamu wa Helsinki hawakuishia kwenye picha. Chuo chao kina kituo cha uchunguzi Wundanyi, na katika miaka ya 2010 walitumia chombo kiitwacho leza, kilichofungwa katika ndege. Chombo hiki hutupa chini mishale ya nuru, maelfu mengi kila sekunde. Nuru husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja, na chombo hupima muda ambao kila mshale umetumia kwenda na kurudi. Mshale mmoja hugonga jani la juu, mwingine hupenya ukagonga ardhi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo urefu wa mti. Wapimaji wengine hutembea msituni kwa miguu na kupima unene wa mashina, na kwa kuunganisha hesabu hizo hukadiriwa uzito wa miti ya msitu mzima pasipo kuangusha hata mmoja.

Pamoja na leza ilitumika kamera yenye uwezo wa kutofautisha rangi nyingi kuliko jicho la mwanadamu. Kwa njia hiyo walitambua mikaratusi na miwati iliyojipenyeza ndani ya msitu wa Ngangao, ambao ni mojawapo ya misitu ya asili iliyobaki. Faida yake ni dhahiri: mwenye kutunza msitu huonyeshwa mahali adui alipojificha, asipoteze siku nyingi kumtafuta.

Wakulima nao hawakusahauliwa. Kati ya mwaka 2011 na 2015, kituo cha kuchunguza wadudu cha Nairobi, icipe, kiliongoza uchunguzi katika milima ya Taita, Kilimanjaro na Jimma huko Ethiopia, kwa msaada wa serikali ya Ufini. Walichunguza jinsi mabadiliko ya hali ya hewa yanavyowahamisha wadudu waharibifu, kama wale watoboao mabua ya mahindi na nzi waharibuo maparachichi.

CHUO KIKUU CHA TAITA TAVETA

Elimu hii si ya wageni peke yao. Katika milima hiyo hiyo, huko Ngerenyi, kuna tawi la Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2016. Chuo hiki kimejipatia jina hasa kwa uhandisi wa migodi, na haikosi sababu. Nchi tambarare iliyo chini ya milima ina chuma na vito. Mojawapo ni kito cha kijani kiitwacho tsavorite, ambacho Campbell Bridges alikigundua Tanzania mwaka 1967, na baadaye kidogo akakiona upande wa Taita. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikakitangaza kwa jina hilo, kwa kuikumbuka Tsavo.

Kwa miaka mingi wachimbaji wadogo wamekitafuta kwa sururu na bahati. Mhandisi hufundishwa kuyasoma mawe kabla ya kuchimba, kuimarisha kuta za shimo zisimwangukie mtu, kuondoa maji na hewa mbaya, na kufukia shimo kazi ikiisha. Chuo kina kituo kinachoshughulikia migodi na mazingira kwa pamoja, kwa ushirikiano na vyuo vya Ujerumani, vya Dresden na Freiberg. Kile cha Freiberg kimefundisha elimu ya migodi tangu mwaka 1765.

Hivyo katika wilaya moja kuna elimu ya namna mbili: moja hupima mali iliyo juu ya ardhi, nayo ni maji na miti, na nyingine hupima mali iliyo chini yake. Kito kikichimbwa huuzwa mara moja tu. Chemchemi ikitunzwa hutoa maji mwaka hata mwaka.

Limebaki jambo moja kubwa. Hesabu za wataalamu zikikaa katika vitabu vya kigeni, mwenye shamba la Wusi ataendelea kupanda mkaratusi kando ya kijito kwa kuwa hakuambiwa. Yafaa vijana wa mlimani wanaosoma katika chuo hicho wawe wafasiri wa elimu hiyo, waieleze kwa Kidawida na Kiswahili barazani, kanisani na sokoni. Nao wakulima wasingoje kuelezwa. Waulize: ni mti gani ufaao juu ya chemchemi, na ni upi ufaao mpakani? Jicho limekwisha kudanganywa na ukijani mara moja. Kipimo kimesema kweli, na kwa nusu ya msitu wa asili iliyobaki wakati ule, kweli hiyo haikuchelewa mno.