Chujio la Dizeli na Chupa ya Baba



Kwa miaka mingi, kila asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kuoga josho la sala, Baba alikuwa akiingia chini ya lori letu na chupa tupu ya jemu. Baada ya dakika chache hutoka, huinua chupa juani akaitazama, kisha huimwaga ndani ya dumu kuukuu na kwenda zake kuoga. Sisi mabinti zake watatu tulikuwa tukicheka. Tulidhani ni ada tu ya mzee, kama wengine wapendavyo kufuga njiwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza anatazama nini.

Mwezi wa Mfungo Nne Baba alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Alhamdulillahi, akili yake imesalimika, lakini maneno humtoka moja moja, kwa taabu. Lori likabaki mikononi mwa dereva na hesabu zake mikononi mwetu. Ni Canter ya zamani, inayobeba nazi kutoka Kaloleni hadi soko la Kongowea, nayo ndiyo inayolipa karo, dawa na chakula cha nyumba hii.

Miezi mitatu baadaye lori lilianza kuugua. Likiwa tupu lilikwenda vyema; lakini likishapakiwa nazi na kufika kwenye vilima vya Rabai, lilipoteza nguvu, likatetemeka, na mara mbili likazima njiani. Fundi mmoja alilisikiliza kwa dakika tano, akasema pampu ya dizeli imekufa na ingehitajika shilingi 90,000. Hatukuwa nazo. Ami alishauri tuliuze kabla halijawa chuma chakavu, na dalali alikwisha kutaja bei. Usiku ule tulikaa tukipiga hesabu, na kila hesabu iliishia palepale.

Mama ndiye aliyevunja kimya. "Tangu Baba yenu augue," aliuliza, "ni nani amelitoa maji lile lori?"

Hatukuwa na la kujibu. Hatukujua kwamba lori hutolewa maji.

Asubuhi tulimwendea Baba kitandani tukamweleza. Alifumba macho kwa muda, kisha akasema neno moja: "Chujio." Tukamwuliza liko wapi. Alijaribu, neno likakataa kutoka. Ndipo akachora kwa kidole cha mkono wa kushoto mstari mrefu juu ya shuka, akakirudisha kidole katikati ya mstari na kukibonyeza hapo.

Jumamosi tulifunga lango la ua, tukavaa ovaroli zake juu ya nguo zetu na kukaza mitandio. Tulihakikisha injini imepoa na hakuna moto wowote karibu, hata jiko la mkaa. Dereva akatushikia tochi. Tukaanza kwenye tangi, tukiufuata mstari wa Baba. Tulikuta mipira miwili ikitoka hapo. Wa kwanza ulitufikisha hadi kwenye injini bila kukutana na kitu. Baadaye tulifahamu kuwa huo ni wa kurudisha dizeli iliyozidi. Wa pili ulitupeleka upande wa ndani wa chesi, na hapo, nyuma ya gurudumu la mbele, kilining'inia kikopo cheusi kilichofunikwa na vumbi na mafuta. Si kila gari limepangwa hivyo. Katika pikapu nyingi chujio huwa chini ya boneti. Lakini anayeufuata mpira unaotoka kwenye tangi kuelekea injini hatalikosa.

Chini ya kikopo kulikuwa na skrubu ndogo. Tuliweka ile chupa ya jemu, tukailegeza. Kilichotoka kwanza hakikuwa dizeli. Yalikuwa maji ya rangi ya kutu, yakajaza zaidi ya nusu ya chupa ndipo dizeli ikafuata.

Hapo tulielewa Ijumaa zote zile. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na tangi linapolala nusu tupu, unyevu huo hugeuka matone ndani yake. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutuama chini ya chujio, na yasipotolewa huendelea hadi kwenye pampu, ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji huiletea kutu. Na chujio likiziba kwa uchafu, injini hukosa dizeli ya kutosha, hasa inapopanda mlima na mzigo.

Mdogo wetu alitumwa dukani na chujio la zamani mkononi ili asiuziwe lisilolingana. Bei yake haikufika shilingi 2,000. Tulipaka dizeli safi kwenye mpira wake wa duara, tukalikaza kwa mkono hadi mpira ukagusa, kisha tukaongeza robo tatu ya mzunguko, kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Kazi iliyobaki ilikuwa kutoa hewa, kwa kuwa injini ya dizeli iliyoingiwa na hewa haiwaki. Tulilegeza skrubu ya juu, tukabonyeza pampu ndogo ya mkono. Povu likatoka, likapungua, hata dizeli ikatiririka bila kiputo. Tukaikaza skrubu, tukaendelea kubonyeza hadi pampu ikawa ngumu.

Dereva alipowasha, injini iliunguruma, ikasita, mioyo yetu ikasita nayo, kisha ikatulia. Tuliangalia kama kuna panapovuja. Hapakuwa na tone.

Adhuhuri ilikuwa imekaribia. Tulisugua mikono kwa sabuni na mchanga hadi grisi yote ikatoka, maana maji ya udhu sharti yafike ngozini. Dizeli chafu tuliitia katika dumu lile kuukuu. Mfereji wa mtaa wetu huishia baharini.

Jumatatu lori lilipakiwa nazi Kaloleni na kuvipita vilima vya Rabai bila kuzima. Hatusemi kwamba fundi alitudanganya. Pampu nazo hufa, na huenda yetu nayo ingekufa kama tungechelewa wiki chache zaidi. Tunalosema ni kwamba tulikaribia kuuza riziki ya nyumba kwa sababu ya jambo ambalo mtu mmoja alilijua, na sisi tuliokula kwa jasho lake hatukumwuliza. Enyi mama na dada zetu, waulizeni waume, baba na kaka zenu wangali na uwezo wa kujibu: chombo hiki kinatunzwaje, deni liko kwa nani, hati ziko wapi.

Ijumaa iliyofuata tulimpelekea Baba chupa kitandani. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Dizeli tupu, chini yake, maji kiasi cha kijiko. Aliitazama kwa muda mrefu, akaturudishia.

"Vizuri," alisema. Kisha, baada ya kulitafuta neno: "Kila... Ijumaa."

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote na azibariki riziki zetu. Amin.